Msumari Haung'olewi Barabarani

Fundi alikuwa na saa zake za kutujua na saa zake za kutotujua, na asubuhi ile zilikuwa zimechanganyika. Nilipofika kitandani kwake wodini alinisalimu vizuri, akaniuliza kama nimekunywa chai, kisha akataka kujua gari langu ni la aina gani.

"Sina gari, Baba."

"Sasa karakana umefuata nini?"

Mkewe, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda akikunja shuka, alinitazama kwa macho ya kuomba radhi. "Msamehe, mwanangu. Tangu juzi anakwenda anarudi, anakwenda anarudi."

Nilimwambia hakuna cha kusamehe. Figo za mumewe zilikuwa zimeacha kazi, na uchafu ambao zingeutoa ulibaki kwenye damu ukapanda kichwani. Damu ikisafishwa kwa mashine, akili itarudi. Ila kabla ya mashine lazima mgonjwa awekewe mrija mnene kwenye mshipa mkubwa wa shingo, wa kutolea damu na kuirudisha. Kazi hiyo ndiyo tungeifanya asubuhi hiyo. Nilimweleza yote hayo taratibu, huku nikimchorea nyuma ya bahasha.

Nilikuwa sijamaliza hata mwaka tangu nihitimu, na nilikuwa nimetoka chuoni na imani moja niliyoithamini kuliko cheti chenyewe: kwamba mgonjwa akielezwa vizuri, nusu ya hofu humtoka. Wenzangu walinitania kwamba nitazeekea kwenye kitanda kimoja nikichora mishipa. Mke wa Fundi aliitazama bahasha yangu, akaigeuza, akaniuliza kichwa kiko upande gani.

Fundi alikuwa amerudi kidogo. Alikuwa mziba pancha kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, na mikunjo ya viganja vyake ilikuwa na weusi ambao sabuni ya hospitali ilishindwa kuutoa. Akaanza kutusimulia habari za dereva mmoja.

"Anakuja kwangu anasukuma gari, jasho linamtiririka. Namuuliza, vipi? Ananiambia nilipata msumari kule njiani, nikaung'oa. Nikamuuliza, uliung'olea nini? Anasema ulikuwa unaniudhi." Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Msumari haung'olewi barabarani, binti. Msumari wenyewe ndio kizibo. Unauacha humo humo, unaendesha polepole mpaka kwa mwenye viraka. Wewe ukiuvuta kwa hasira, upepo wote unaondoka nao."

"Kila mgeni lazima asikie habari za yule dereva," mkewe akasema.

"Kwa sababu kila mgeni ana gari."

Hapo nikajua ameanza tena kwenda.

Daktari wangu mkuu, bingwa wa figo ambaye wodi nzima ilimwita Bingwa tu, alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mitulivu. Katika chumba kidogo cha mwisho wa wodi alimlaza Fundi chali, akamgeuza kichwa, akamfunika kitambaa safi. Mimi nilisimama upande wa pili nikiwa nimeshika mkono wa mgonjwa chini ya kitambaa, kwa sababu hakuwa wa kuaminika kutulia.

Tulipita kushoto. Kulia alishawahi kuwekewa mrija mwaka uliopita, na mshipa wa upande huo ulikuwa umeziba. Bingwa hakuipenda njia hiyo, na alisema hivyo. Kulia mshipa huteremka moja kwa moja kuelekea moyoni kama mfereji; kushoto hupinda, na mwenye haraka hujikwaa kwenye kona.

Sindano iliingia vizuri. Kwenye kioo cha ultrasaundi tuliona ncha yake ndani ya mshipa, damu nyeusi ikaja kama ilivyotakiwa. Waya mwembamba ukapita bila ubishi. Ikafuata kazi ya kupanua njia: kijiti kigumu cha plastiki kinachosukumwa juu ya waya ili tundu litoshe kupitisha mrija.

"Hapo umegonga rimu," Fundi akasema chini ya kitambaa.

Bingwa akasimamisha mkono. "Unaumia, Mzee?"

"Kifuani. Umegonga rimu."

Bingwa alisubiri, akamtazama, akaendelea kwa uangalifu zaidi. Akakitoa kijiti, akaingiza mrija, akaunganisha bomba la sindano na kuvuta. Ikaja damu kidogo, ikakata. Akavuta upande wa pili wa mrija. Hamna kitu. Uso wake haukubadilika, lakini aliacha kupumua kwa sauti, na hapo ndipo nilipogundua kwamba muda wote alikuwa akipumua kwa sauti.

Nilinyoosha mkono kuchukua pamba. Nilichojua mimi, na nilichoamini kila mtu anajua, ni kwamba kitu kikikaa pasipo pake kinaondolewa, na panabonyezwa.

"Mkono wako," Bingwa akasema. "Urudishe."

Nikaurudisha. Yeye akaubana mrija kwa vibanio vyake, akachukua uzi, akaanza kuushonea kwenye ngozi.

"Bingwa, si tumekosea njia?"

"Tumekosea."

"Sasa mbona unaushona?"

"Kwa sababu tumekosea."

Sikuelewa. Nilidhani nimesikia vibaya, lakini yeye aliendelea kushona, fundo kwa fundo, kama mtu anayefunga mzigo wa safari.

Mashine ya eksirei ilisukumwa hadi kitandani. Picha ilipotoka, Bingwa alininyooshea kidole mahali mrija ulipoishia. Haukufuata kona ya mshipa. Ulikuwa umekwenda moja kwa moja, ukatokeza nje, na pembeni ya pafu palikuwa na kivuli ambacho hakikuwapo kwenye picha ya jana.

"Waya ulipinda, kijiti hakikupinda," alisema, simu ikiwa sikioni. "Kimetoboa ukuta wa mshipa ndani ya kifua. Shingoni ningebonyeza kwa kidole. Pale hakuna kidole kinachofika." Simu haikupokelewa, akapiga tena. "Mrija umeziba tundu tuliloliweka wenyewe. Atakayeuvuta kabla mtaalamu wa mishipa hajawa tayari, atakuwa amemuua. Umenielewa?"

Nikasema ndiyo. Sikuwa na hakika.

"Kaa naye. Hauvutwi, na hakiingizwi kitu ndani yake, si maji, si dawa. Damu ya akiba inakuja. Mimi naenda mwenyewe kumtafuta mtaalamu, simu zao zimelala."

"Na mkewe?"

Alisimama mlangoni. "Mweleze. Usipunguze neno."

Akaondoka, nami nikabaki sijui la kushika wala la kuacha.

Wa kwanza kuingia alikuwa Sista, muuguzi mkuu wa zamu, na majibu ya maabara mkononi. Potasiamu ya Fundi ilikuwa imepanda tena, na moyo wake usingeivumilia kwa muda mrefu. "Mashine ya kusafishia damu iko tayari. Mrija umekaa?"

"Umekaa, lakini hautumiki."

"Basi utoeni."

"Hautolewi."

Sista alinitazama, akautazama mrija, akanirudia. "Hautumiki na hautolewi. Uko pale kwa ajili gani, mapambo?"

Nilimweleza kama nilivyoelezwa, na nilipofika katikati nikajisikia mwenyewe nababaika. Fundi aliihitaji mashine sasa hivi. Mrija aliowekewa kwa ajili ya mashine ndio uliotuzuia kumpeleka kwenye mashine. Dawa ya kuutuliza moyo tungempa kwa sindano ya mkononi, na hiyo Sista akaanza kuiandaa huku akitikisa kichwa. Lakini dawa ilikuwa ya kununua muda tu, na mimi sikujua tunanunua muda wa nini, maana Bingwa alikuwa hajarudi.

Mkewe akaingia. Aliona damu kwenye kitambaa, akaona shingo ya mumewe imevimba kidogo, akasimama.

"Mama," nikasema, "mrija ulitoboa mshipa. Uko nje ya njia yake."

"Mmemtoboa."

Ulimi ulitaka kusema kwamba jambo hili hutokea, kwamba ni nadra, kwamba kona ya kushoto ni ngumu. Nikakumbuka nisipunguze neno, na kuongeza nako ni kupunguza. "Ndiyo, Mama. Tumemtoboa."

Aliusogelea ule mrija. "Basi utoeni."

"Tukiutoa, damu itamwagikia kifuani."

"Na mkiuacha?"

"Inavuja, lakini kidogo."

"Mwanangu, mimi sikuelewi. Mwiba ukiingia mguuni si hutolewa? Wanasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Huu hakujichoma. Mmemchoma nyinyi, halafu mnamwachia."

Nikatafuta bahasha yangu. Nikachora mshipa, nikachora mrija, nikachora tundu. Nilichora haraka, na mchoro ukawa kama mti uliopigwa na radi. Mke wa Fundi hakuutazama hata kidogo. Alikuwa anamtazama mumewe, kwa sababu Fundi alikuwa ameanza kuupandisha mkono wake taratibu kuelekea shingoni.

"Kuna msumari hapa," akasema.

Nikaudaka mkono. Nilidhani mkono wa mgonjwa utakuwa mwepesi. Ulikuwa mkono wa mtu aliyezoea kubandua tairi za malori. Ulinivuta pamoja nao.

"Baba, usiguse. Ni mrija."

"Msumari. Lete koleo."

"Ni mrija wa kusafishia damu, ulipita vibaya, sasa tunamsubiri daktari wa—"

"Koleo," alirudia, kwa subira, kama anavyosemeshwa mwanagenzi mzito. "Mteja anasubiri."

Mkewe, machozi yakimtoka, alimshika bega. "Mume wangu, acha. Nakuomba." Fundi hakumtambua. Vidole vyake vilifika kwenye uzi wa Bingwa, vikaanza kuupapasa, vikitafuta pa kukamata. Nikavibandua kimoja kimoja, navyo vikarudi kimoja kimoja.

"Tumfunge mikono," Sista akasema.

"Akifungwa atapigana. Akijikaza, tundu litapanuka."

"Basi tumlaze usingizi."

Nikatazama kioo cha mashine ya presha. Presha yake ilikuwa imeanza kuteremka. Dawa ya usingizi ingeiteremsha zaidi. "Hapana. Sijui. Hapana."

"Amua, Daktari," Sista akasema, bila ukali. Nilipenda zaidi angekuwa mkali.

Niliendelea kumweleza. Nilimweleza Fundi habari za mshipa, habari za kifua, habari za damu, kwa maneno mepesi, kwa sauti ya upole, vile nilivyoamini. Maneno yangu yalimpita kama magari yanavyompita mtu aliyeketi kando ya barabara. Sikuwa na ujuzi wowote zaidi ya huo wa kueleza, na niliyekuwa namweleza hayupo. Alikuwa kazini. Alikuwa ameinama juu ya tairi la mtu, na alitaka tu kufanya alichoitiwa.

Basi nikamfuata huko huko.

"Fundi," nikasema. Sikumwita Baba. "Gari liko wapi?"

Vidole vikatulia. "Gari gani?"

"Lenye msumari."

Akafikiri. "Si hili hapa. Barabarani."

"Nani kakwambia ung'oe msumari barabarani?"

Aligeuza macho, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kama mtu anayestahili kutazamwa. Sikujua kama ninatibu au ninadanganya. Mkewe alikuwa ameacha kulia ili asikie.

"Una viraka?" Fundi akauliza.

"Sina. Viko karakana."

"Kompresa?"

"Karakana."

"Mbali?"

"Hapo mbele tu."

Alishusha pumzi. "Basi acha. Usiuguse. Endesha polepole." Kisha, kama vile mimi ndiye niliyetaka kuung'oa, akauweka mkono wake juu ya wangu, akaukandamiza kitandani. "Hawa madereva," akamwambia mkewe, bila kujua kwamba ni mkewe, "ukiwageuzia kisogo tu."

Mke wa Fundi akafuta macho kwa pembe ya shuka. "Kumbe ni kama msumari."

"Ni kama msumari, Mama."

"Na huyo mnayemsubiri ndiye mwenye viraka."

"Ndiye."

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo? Unanichorea miti."

Tulikaa hivyo. Sista alimpa dawa ya moyo, akatundika damu ya akiba kwenye mkono mwingine. Mimi sikuthubutu kusogeza wangu. Kila Fundi alipohisi natikisika alinikandamiza zaidi, na mara mbili alimkaripia Sista kwa kupita karibu mno na gari.

Bingwa alirudi na mtaalamu wa mishipa, mwanamke mfupi mwenye kutembea haraka, ambaye alianza kuuliza maswali akiwa bado mlangoni. Alinyoosha mkono kuutazama ule mrija. Fundi akampiga kofi mkononi.

"Wewe. Tuko barabarani."

Mtaalamu alirudi nyuma. Akamtazama Bingwa, Bingwa akanitazama mimi.

"Haruhusu mtu aung'oe msumari kabla ya kufika karakana," nikasema. Kwa sikio langu mwenyewe, yalikuwa maneno ya mtu anayehitaji kitanda.

"Yuko sahihi," mtaalamu akasema. "Tumpeleke."

Akatueleza atakavyofanya, mke wa Fundi akiwemo. Angeingia kwa mshipa wa paja, apandishe kijibomba kilichovikwa kitambaa mpaka kwenye kona iliyotoboka, akifungue pale ndani, na wakati huo huo mrija uvutwe. Mwenzake wa kupasua kifua angesimama kando, endapo kiraka hakitashika. Kwenye paja la pili angewekewa mrija mwingine, ili mashine imsafishe leo leo. Mke wa Fundi aliuliza swali moja: kiraka kitakaa kwa nje au kwa ndani? Kwa ndani, mtaalamu akamjibu. "Vizuri," akasema. "Vya ndani ndivyo vinavyodumu." Akatia saini.

Tulipofika chumba cha upasuaji, Fundi hakuniachia mkono. Daktari wa usingizi alimbembeleza, ikashindikana. Fundi aliangaza macho kwenye taa, kuta nyeupe, watu waliofunika nyuso, na nikaona hofu inamrudia, hofu ya mtu aliyeletwa pasipo pake.

"Hapa si karakana," akasema. "Kompresa iko wapi?"

Niliitafuta kwa macho pamoja naye. Kisha daktari wa usingizi akawasha mashine yake ya kupumulia, nayo ikaguna, ikavuta, ikasukuma upepo, ikavuta, ikasukuma. Fundi aliegemeza kichwa akaisikiliza, akiwa amekunja uso kama mtu anayepima kazi ya mwenzake.

"Inahitaji mafuta," akasema, akaniachia mkono.

Niliruhusiwa kusimama nyuma ya kioo. Kwenye skrini mshipa ulionekana kama mto mwembamba mweusi kila walipoingiza dawa ya kuonyesha, na kwenye kona moshi mdogo ulikuwa ukitoka nje ya kingo. Kijibomba kilipanda. Kilisimama mahali ambapo mimi niliona kimepitiliza, na mtaalamu akaona kimefika. Bingwa alishika mrija wa shingoni. Alikata uzi alioushona mwenyewe asubuhi.

"Sasa," mtaalamu akasema.

Bingwa akavuta, kwa mwendo wa polepole kuliko nilivyodhani mkono wa mtu unaweza kwenda. Dawa ikaingizwa tena. Mto ukapinda kona yake, ukaendelea, na kingo zikabaki kingo. Mtaalamu akaomba irudiwe. Ikarudiwa, na moshi haukuonekana. Ndipo nilipogundua nimeshika ukuta.

Walimtoa damu iliyokuwa imejikusanya kifuani, na kabla jioni haijaingia mashine ilikuwa ikimsafisha kupitia paja.

Ilichukua muda akili kurudi, na haikurudi kwa mlango mmoja. Mara alimjua mkewe akanisahau mimi, mara alinijua mimi akauliza mama yake yuko wapi. Siku tuliyomkuta ameketi, amenyolewa ndevu, akila uji mwenyewe, Bingwa aliniambia tuingie pamoja. Nilikuwa na bahasha mpya mfukoni. Sikuitoa.

Bingwa alisimama miguuni pa kitanda. "Fundi, nimeshamweleza mkeo, na wewe ni haki yako kusikia kwangu. Mkono wangu ndio uliokutoboa mshipa. Nilisukuma kitu kigumu kwenye kona. Nisamehe."

Fundi aliweka kijiko chini. Aligeuza kiganja chake, akakitazama, ule weusi kwenye mikunjo.

"Na huu wangu," akasema, "ulitaka kumalizia kazi."

Nikashtuka. "Baba, kumbe unakumbuka?"

Alinitazama, uso hauna alama. "Gari lako ni la aina gani vile?"

Sikujua kama amekwenda tena au ananitania. Nilimgeukia Bingwa, naye akainua mabega. Nilimgeukia mkewe ili aniambie, maana yeye angejua, lakini alikuwa ameinamia shuka analokunja na mabega yanamtikisika, na sikuweza kupambanua kama anacheka au analia.

"Sina gari, Baba," nikasema.

"Basi kaa," akasema, akasogeza miguu kunipa nafasi ukingoni mwa kitanda. "Karakana haimfukuzi mtu."